Harufu ya sanduku la bibi

Napenda nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Nguo mpya ni nzuri, lakini haina habari. Nguo ya zamani ina kifungo kilichobadilishwa kikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine, ina pindo lililoteremshwa kwa sababu aliyeivaa alirefuka. Jumamosi nisipokuwa zamu utanikuta soko la Mwanga, hapa Kigoma, nimeinama kwenye rundo la mitumba nachambua moja moja: blauzi za kola pana, sketi za marinda, magauni ya enzi ambazo mafundi waliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Wenzangu kazini hunitania kwamba navaa kama mwalimu mkuu wa miaka ya sabini. Sikasiriki. Ndivyo ninavyotaka nionekane.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, sinunui kwa macho tu. Kila mtumba ukifika nyumbani unalowekwa, unafuliwa kwa sabuni na maji ya moto, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, kisha unapigwa pasi, hasa kwenye mishono. Pasi hiyo si ya urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na buu lake huingia kwenye ngozi ya mvaaji likavimba kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Upele nao husafiri na nguo. Nguo za ndani za mitumba sigusi kabisa, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limeshazipiga marufuku.

Wazazi wetu waliiita mitumba "kafa Ulaya". Katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya foleni na uhaba wa kitambaa, masharti ya biashara yalilegezwa na nguo za ng'ambo zikajaa mitaani kwa bei ya kumudu. Watu walizivaa huku wakijiuliza ni mtu gani anayetoa koti zuri namna ile akiwa hai. Jibu likawa jina: bila shaka mwenyewe kafa huko Ulaya. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo, na gauni lake la kwanza la sikukuu lilikuwa kafa Ulaya la rangi ya machungwa. Hakuogopa kuvaa nguo ya marehemu asiyemjua.

Lakini nguo ya zamani iliyonifundisha zaidi haikutoka kwenye robota. Ilitoka kwenye sanduku la mbao la bibi yangu mzaa mama, nyumbani kwake Ujiji.

Wageni huja Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Huoneshwa mnara na miembe, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nikipita pale huwaza kitambaa. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi huku ziwani ililipiwa kwa nguo. Wapagazi walibeba mizigo ya merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopewa jina la nchi ilikofumwa, Marekani, pamoja na kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Kwa nguo hizo msafara ulinunua chakula, ukalipa ushuru kwa watemi, ukapata ruhusa ya kupita. Hata Stanley alihesabu matumizi yake ya safari kwa doti, na doti moja ilikuwa mikono minane ya kitambaa. Neno hilo bado tunalo. Ukienda dukani leo na kuomba doti ya kanga, unatumia kipimo cha misafara.

Kwa njia hiyo hiyo watu walipelekwa pwani wakiwa watumwa. Nguo yao ilikuwa merikani au kaniki, basi. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa mwambao walianza kununua leso za mraba sita na kuzishona pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana lenye maua. Baadaye wafanyabiashara wakachapisha vazi hilo zima zima, ndiyo kanga. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, ili anayewatazama ajue kwamba sasa ni watu huru. Mwanzoni kabisa, basi, kanga ilikuwa tamko. Maneno yalikuja kuchapishwa juu yake baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma.

Tunapotaja wasanii wetu tunamtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyechora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Ni haki yake. Lakini nani alichora korosho kwenye pindo la kanga ya bibi yako? Nani alipanga ile nyekundu ikae jirani na nyeusi bila kugombana? Kwenye kanga za Mombasa utasoma "Mali ya Abdulla", alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887. Hiyo ni alama ya mfanyabiashara. Mchoraji hana jina, na mwanamke aliyechagua kanga gani avae siku gani, ambaye ndiye aliyeikamilisha sanaa ile, hana jina kabisa.

Bibi yangu alikuwa msanii wa aina hiyo. Alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, mama na mama zangu wadogo wawili walifungua sanduku ili nguo zigawanywe, nyingine zitolewe sadaka. Tulihesabu doti 23 na vipande saba visivyo na wenzake. Vipande hivyo havikupotea. Bibi alikuwa akinunua doti, anaikata katikati, nusu anampa shoga yake. Kila kipande kilichobaki peke yake kilikuwa na mwenzake kwenye nyumba nyingine, Ujiji, Katonga, hata ng'ambo ya ziwa.

Tulikaa mkekani tukaanza kuzisoma. Ilikuwepo kisutu ya harusi yake, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ilikuwepo ya kiwanda cha Urafiki, pamba nzito ya zamani. Ilikuwepo "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi", aliyoivaa, kwa maelezo ya mama mdogo, wiki nzima mfululizo alipohamia kwa wakwe. Hakumjibu mtu neno. Alipita uani na ndoo yake, na mgongo wake ukasema. Ilikuwepo "Usisafirie nyota ya mwenzio", iliyovaliwa mara moja tu, kwenye shughuli ya jirani mmoja ambaye mpaka leo nyumbani hatajwi bila watu kucheka.

Na ilikuwepo moja iliyochakaa kuliko zote. Rangi yake ya bluu ilikuwa imekwenda kuwa ya majivu, katikati unaweza kuona mwanga ukiinyanyua. Jina lake bado lilisomeka kwa shida: "Japo sipati, tamaa sikati". Mama zangu wadogo wakacheka, wakasema huyo ni babu enzi za uchumba alikuwa anasumbua. Mama hakucheka. Aliikunja, akaiweka pembeni.

Niliomba nne. Mama akaniuliza za nini. Nikamwambia nazivaa, na moja nataka fundi anishonee gauni. Akaniangalia kwa muda. "Utavaaje nguo za marehemu kwenda nazo kazini, mwanangu?" Nilitaka kumkumbusha lile gauni la rangi ya machungwa, lakini heshima ikanizuia. Tukakubaliana hivi: nazivaa, ila hazikatwi. Alisema mkasi ukipita kwenye kanga unaweza kukata jina, na kanga iliyokatwa jina ni kitambaa cha mezani. Alikuwa sahihi. Nazifunga juu ya sketi, au begani juu ya blauzi ya mtumba, na pindo lenye maneno nalielekeza mahali watu watakapolisoma.

Miezi michache baadaye dada yangu alijifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa mama. Kanga ndiyo nguo ya kwanza ya karibu kila mtoto wa Kigoma. Mama mjamzito hubeba kanga au vitenge kwenye kapu lake la kwendea kujifungua. Mtoto akitoka hukaushwa kwa kimoja na kufunikwa kwa kingine. Na kila bibi anajua kwamba kanga mpya, yenye wanga wa dukani, hukwaruza ngozi ya kichanga. Iliyochakaa ndiyo laini. Hivyo siku dada aliporudi nyumbani, mama alikuwa amekwishaandaa ile ya bluu. Aliitoa kwenye sanduku, akaipeleka puani, akafumba macho. Kisha akamnyooshea dada.

Harufu ilinifikia nikiwa mlangoni. Sote tulikua nayo. Ukikumbatiwa na bibi siku ya Idi, ndiyo uliyokutana nayo kwanza, kali na tamu kidogo, ikikuwasha pua. Tuliiita harufu ya bibi. Ilikuwa ya vile vidonge vyeupe vya mviringo vya kufukuzia wadudu, ambavyo alivitawanya baina ya kanga kila mwaka. Kilichomo ndani ya vingi vya vidonge hivyo kinaitwa naftalini.

Nilimwomba mama asimfunike mtoto. Nilieleza kwa sauti ya chini, maana dada alikuwa amechoka na nyumba ilikuwa na wageni. Wako watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja cha damu kinachoitwa G6PD. Mtu anaweza kuishi miaka yote asijue, kwa sababu hakimsumbui mpaka akutane na kitu kinachozivunja chembe zake nyekundu za damu. Naftalini ni mojawapo ya vitu hivyo. Si lazima mtoto ameze kidonge. Mvuke wake ukiingia kwa pumzi, au kitambaa kilichouhifadhi kikigusa ngozi, yaweza kutosha, na mafuta mwilini husaidia dawa hiyo kupenya; nasi huku watoto tunawapaka mafuta ya mise tangu wiki ya kwanza. Chembe zikivunjika kwa wingi, damu hupungua na mtoto huwa wa manjano. Manjano ikizidi kwa kichanga inaweza kuumiza ubongo, na anayepona akabaki na ulemavu au uziwi.

Upungufu huo si jambo la nadra katika nchi za malaria. Unarithiwa, huwaathiri zaidi watoto wa kiume, na wataalamu wanaeleza kwamba umeenea katika nchi hizo kwa sababu humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria. Mkoa wetu unaijua malaria: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta maambukizi kwa asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Mvulana, kichanga, mzaliwa wa Kigoma, mwenye mafuta ya mise mwilini: nilikuwa na sababu ya kuinyoosha mikono yangu mbele ya kanga ile.

Mama aliumia. "Ina maana bibi yako alitutia sumu? Wote tumelelewa na sanduku hili. Wewe umelelewa na sanduku hili." Nikamwambia bibi alifanya alichoambiwa na kila mtu, kwamba ndivyo nguo zinavyotunzwa, na watoto wengi hawadhuriki kwa kuwa damu yao haina upungufu. Tatizo ni kwamba huwezi kumtambua kwa kumtazama mtoto ambaye anao. Akasema tena, polepole, kwamba kanga ikifuliwa harufu itaondoka, na hana nyingine ya mama yake.

Hapo wageni walikuwa wametoka. Mama akakaa kitandani karibu na dada, ile kanga mapajani, na kutuambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kabla yake yeye, bibi alikuwa na mtoto wa kiume. Macho yalikuwa ya manjano siku ya tatu, akaacha kunyonya, siku ya sita wakamzika. Watu walisema kijicho. Bibi alikaa miaka mitatu bila kushika mimba, na katika miaka hiyo alinunua kanga moja, akaivaa mpaka ikachakaa. Babu hakuwa anasumbua mtu enzi za uchumba. "Japo sipati, tamaa sikati" alikuwa bibi, akimwambia Mungu na mtaa mzima kwamba bado anasubiri mtoto. Aliyekuja ni mama.

Hakuna anayeweza kusema leo ni nini kilichomuua mjomba wangu huyo, na mimi sikujaribu. Manjano ya kichanga ina sababu nyingi. Nilichofanya ni kunyamaza, na mama ndiye aliyeamua. "Nionyeshe inavyooshwa," akasema.

Kufua peke yake hakutoshi, kwa kuwa naftalini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Huondoka kwa hewa. Tulizitoa kanga zote za bibi, tukavikusanya vidonge na kuvitupa shimoni mbali na mikono ya watoto, kwa sababu vinafanana na peremende na kimoja tu kikimezwa ni hatari. Kisha tukafunga kamba barazani. Jua kali hufifisha rangi za zamani, kwa hiyo tulizianika kivulini, upepo wa ziwa uzipige. Zilikaa siku sita, jioni tukizigeuza. Majirani walipita kuzisoma kama gazeti. Wazee wawili walikuja na vipande vyao, nusu walizopewa na bibi, wakaviweka karibu na wenzake kwenye kamba ili tuone.

Siku ya nne mama aliniita. Alikuwa ameshika kisutu ya harusi. "Nusa," akasema. Ile harufu kali ilikuwa imekwisha. Chini yake, hafifu, kulikuwa na udi. Bibi alikuwa akifukiza nguo zake kabla ya kuzikunja, na kwa miaka yote hiyo dawa ilikuwa imeufunika udi wake. Mama hakusema kitu, nami sikusema.

Ya bluu ndiyo pekee tuliyoifua kwa maji ya moto, tukaipiga pasi, tukainusa mara mbili, kisha ikaenda kwa mtoto. Nyingine ziko kwenye kabati la mama, safi na kavu, bila kidonge hata kimoja. Vile vidonge vilikuwa vinamlinda bibi dhidi ya adui asiyemhitaji: nondo wa nguo hula sufu, hariri na manyoya, na pamba safi haimvutii. Maadui wa kanga ni unyevu, panya, mende na uchafu wa jasho au mawese uliokunjwa ndani. Ifue, ikauke kabisa, iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, itoe ipate hewa kila baada ya miezi michache. Ukiitoa, ivae.

Kama nyumbani kwako kuna sanduku la namna hiyo na kuna mtoto anakuja, ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usimfunike kichanga kwa kitu chochote chenye harufu ya vidonge hivyo, wala usikifukize wala kukipulizia manukato ili kuificha. Harufu ikisikika, dawa bado ipo. Ukiona macho au viganja vya mtoto vimekuwa vya manjano, mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi, au analala mno na kukataa ziwa, usisubiri jua la asubuhi wala ushauri wa jirani. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na useme alifunikwa na nini. La pili, mwenye sanduku akiwa bado hai, kaa naye mkekani mzisome pamoja. Muulize kila kanga aliivalia nani. Sisi tulibahatika kwa sababu mama alikumbuka moja. Zile doti nyingine, nyingi zimebaki na jina bila habari.

Mpwa wangu sasa ana miezi mitano na ana afya nzuri. Ile kanga ya bluu imekojolewa, imetapikiwa maziwa, imefuliwa kila siku kwa sabuni ya mawese, na neno "tamaa" limekwishafutika kabisa. Nilimuuliza mama kama haoni uchungu. Akaniambia kanga ile ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto, acha mtoto aimalize.